Wavuti tuiache, au tuipunguze uzito? Ulinganisho kwa anayechapisha akiwa Dar

Swali la kuiacha wavuti, yaani kurasa na tovuti tunazofungua kwenye kivinjari, na kuanza upya na kitu kingine si geni kwa mafundi, ila sasa limeshuka hadi mtaani. Mwenye duka la vitambaa Kariakoo anaambiwa tovuti zimepitwa na wakati. Katibu wa kikoba kule Mbagala anataka wanachama waone akiba zao bila kumaliza bando. Mwalimu wa Temeke ana mitihani ya majaribio aliyoitunga na kuichapa mwenyewe kwa miaka, na anataka mwanafunzi yeyote aipate, hata asiyesoma shuleni kwake. Wote wanauliza kitu kimoja: niiweke wapi kazi yangu ili watu waifikie, na isije ikanitoka mikononi?

Mimi natengeneza tovuti, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo mnajua nimesimama upande gani. Hata hivyo lawama nyingi zinazoelekezwa kwa wavuti ni za haki, na baadhi ya mbadala zilizopo zinaishinda waziwazi kwa kazi fulani. Nimezipima hapa kwa mizani ya Dar: simu janja ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka, bando la siku, na mtu asiye na muda wa kujifunza programu mpya kwa ajili yako.

Wavuti inaumwa nini

Tim Berners-Lee, aliyeivumbua wavuti, aliandika pendekezo lake la kwanza pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, Machi 1989. Kilichozaliwa kilikuwa chepesi mno: maandishi, vichwa, na viungo vya kukupeleka kwenye ukurasa mwingine. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa KB chache (KB elfu moja ni kama MB 1), na nakala yake bado inafunguka leo kwenye kivinjari chochote. Sasa ukurasa wa kawaida unazidi MB 2. Kitabu cha kurasa 300, maandishi matupu, hakifiki MB 1. Yaani msomaji anatoa bando la kusomea vitabu viwili ili asome habari ya aya sita.

Uzito huo hautoki kwenye habari. Ukifungua ukurasa kama huo, maandishi yenyewe yanafika mapema na ni madogo. Kisha ukurasa unaanza kuita wenzake: fonti kutoka seva moja, picha iliyokusudiwa kioo cha kompyuta, programu za JavaScript za kuhesabu wageni, nyingine za kuwafuata hadi kwenye tovuti watakayofungua baadaye, matangazo yanayonadiwa papo hapo wakati wewe unasubiri, na video inayoanza kucheza bila kuombwa. Aliyekaa kwenye mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni anaona kioo cheupe, halafu maandishi yanatokea, halafu yanashuka ghafla kwa sababu tangazo limejipachika juu yake, na kidole kilichokuwa kinakwenda kwenye habari kinabonyeza tangazo. Bando limekwenda, habari hajaisoma. Nikisikia mtu aliyepitia hayo anasema wavuti imeoza, sina cha kumpinga.

Ugonjwa wa pili hauonekani kwa macho. Kivinjari kimekuwa kazi kubwa kiasi kwamba karibu dunia nzima inategemea injini tatu, yaani programu za ndani zinazogeuza msimbo kuwa ukurasa unaouona: ile ya Chromium inayoongozwa na Google, WebKit ya Apple, na Gecko ya Firefox. Microsoft, pamoja na fedha zake zote, iliiacha injini yake yenyewe na Januari 2020 ikatoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium. Kama mzigo huo umeishinda Microsoft, sioni chuo wala kampuni ya hapa kwetu itakayouinua peke yake. Kwa hiyo maamuzi kuhusu wavuti iweje yanafanywa mbali sana na sisi, na watu wachache.

Na kuna kufa kwa viungo. Utafiti wa Pew Research Center wa 2024 ulikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikuwepo tena miaka kumi baadaye.

Yasiyoponywa na jukwaa lolote

Kabla ya kulinganisha, tutenganishe vitu viwili ambavyo mtaani vyote vinaitwa mtandao. Intaneti ni nyaya, minara na njia. Wavuti ni kazi moja inayofanyika juu yake. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa kusini, Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi, na hakuna jukwaa jipya ambalo lingeunganisha waya ule. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Siku hizo aliyechapisha kwa njia ya kisasa kabisa na aliyechapisha kwa njia ya kale walikuwa kwenye giza moja.

Lakini siku ya waya kukatika kuna jambo la kujifunza. Mawasiliano ya ndani ya nchi yanaweza kupita TIX, kituo chetu cha kuunganisha mitandao ya ndani hapa Dar, bila kuvuka bahari. Ukurasa uliokaa kwenye seva ya Dar, na usiomwita mtu wa nje, una nafasi ya kufunguka. Ukurasa uliokaa kwenye seva hiyohiyo, lakini unaagiza fonti na programu zake kutoka Ulaya au Marekani, unabaki ukisubiri kitu kisichokuja. Tofauti hapo haikuletwa na wavuti, imeletwa na aliyeujenga ukurasa.

Watu waliojaribu kuhama

Wanaosema tuhamie kwingine wakumbuke kwamba safari hiyo imeshafanywa zaidi ya mara moja. Simu za mwishoni mwa miaka ya 1990 zililetewa WAP, wavuti ndogo ya pembeni yenye lugha yake yenyewe. Simu zilipopata nguvu ya kufungua kurasa za kawaida, ile ya pembeni ikafa na kila kilichoandikwa kwa ajili yake. Flash ilibeba michezo, katuni na masomo ya kompyuta kwa miaka mingi, Adobe wakaacha kuihudumia mwishoni mwa 2020, na kazi nyingi za watu zikafungwa humo.

Habari ya Gopher, mfumo wa kusoma nyaraka kwa menyu ulioshindana na wavuti, ndiyo yenye mafunzo zaidi. Ilitoka Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, ilikuwa nyepesi, yenye menyu safi, na mwanzoni ilikuwa na watumiaji wengi kuliko wavuti. Mapema 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa programu ya seva yake watatakiwa kulipia. Aprili 30 mwaka huohuo, CERN wakaiachia teknolojia ya wavuti iwe mali ya umma, bila malipo na bila kibali. Watu wakahama. Gopher haikuwa mbovu. Ilikuwa na mwenyewe, na watu walipogundua kuwa mwenyewe anaweza kubadili masharti, wakaenda mahali pasipo na mwenyewe. Kipimo hicho ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote katika haya yanayofuata.

Gemini

Siyo ile AI ya Google yenye jina hilo; hii ni njia nyingine ya kuchapisha kurasa kwenye intaneti. Ndiyo mbadala safi kuliko zote, nami naipenda kwa dhati. Ilianza mwaka 2019, ikiwa na wazo la kukaa kati ya Gopher na wavuti. Ukurasa wake ni maandishi: vichwa vya ngazi tatu, orodha, nukuu, na viungo, kila kiungo kwenye mstari wake peke yake. Hakuna JavaScript, hakuna vidakuzi vya kukukumbuka na kukufuata, na ukurasa hauwezi kuita kitu kingine bila wewe kubonyeza. Ukiomba faili moja, linakuja faili moja. Usiri wa mawasiliano ni lazima, hauhitaji kuwashwa. Maelezo yake ni mafupi kiasi kwamba mtu anayejua kuandika programu anaweza kutengeneza kivinjari cha Gemini peke yake kwa siku chache. Rudini kwenye ugonjwa wa pili hapo juu muone hilo lina maana gani: kijana wa UDSM anaweza kuwa na kivinjari chake kamili, chenye menyu za Kiswahili, bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa bando, hakuna kinachoishinda. Aya sita zinakuja kama aya sita.

Sasa upande wa pili. Msomaji hafungui Gemini kwa kivinjari alichonacho, anahitaji programu nyingine, kama Lagrange. Mwambie mteja wa Kariakoo apakue programu ili aone bei za vitenge, atakwenda duka la jirani. Hakuna picha ndani ya ukurasa, unaweka kiungo na mtu anaifungua akitaka. Hakuna fomu ya maana: ukurasa unaweza kumwomba msomaji mstari mmoja wa maandishi, basi. Hakuna jedwali la kweli, na mwalimu wa hesabu hana pa kuchora grafu. Malipo hayafanyiki humo.

Watetezi wake wanasema upungufu huo ndio dawa, kwamba mlango ukiachwa wazi kidogo tu matangazo yatarudi. Wana hoja. Ila wanaoandika humo na wanaosoma humo ni watu walewale, wachache, wanaojua kompyuta. Kwa mtu anayetaka kuandika makala ndefu za mawazo yake na kusomwa na jamii ndogo yenye utulivu, Gemini ni makazi mazuri. Kwa mwalimu wa Temeke, ni kuweka mitihani mahali ambapo mwanafunzi wake hatafika.

Mitandao ya kijamii na makundi

Huku ndiko Dar ilikohamia kimyakimya, bila mjadala. Muulize mfanyabiashara kijana kama ana tovuti, atakuonyesha Instagram na namba ya WhatsApp. Sina dharau na uamuzi huo. Wateja wapo kule tayari, vifurushi vya kuchati ni nafuu, picha inapanda ndani ya dakika, na mteja anauliza "dada, hii bei gani mwisho?" na kujibiwa papo hapo. Tovuti niliyoitengeneza mimi haijui kupatana bei.

Tatizo liko kwenye funguo. Ni kizimba kwenye soko la mtu: bidhaa ni zako, wateja ni wako, geti si lako. Nina mteja, fundi cherehani, ambaye akaunti yake kwenye mtandao mmoja ilifungwa asubuhi moja bila maelezo yanayoeleweka. Picha za kazi zake za miaka, majina ya waliokuwa wanamfuata, maoni ya walioridhika, vyote vilikuwa upande wa pili wa mlango. Alijaza fomu ya malalamiko, akajibiwa na mashine. Hakuna ofisi ya kwenda kukaa kwenye benchi na kumsubiri mtu. Hakuibiwa, wala hakuwa na pa kushtaki kwa sababu alikubali masharti siku aliyojiunga. Nilimwonea uchungu sana, maana kazi ya mikono yake ilikuwa nzuri na ushahidi wake wote ulikuwa kule.

Kuna na jambo la viungo. Kilichoandikwa ndani ya kundi la WhatsApp hakina anwani. Maelezo mazuri ya namna ya kujaza fomu fulani yanatumwa, yanasaidia watu waliopo siku ile, kisha yanazama chini ya salamu na vibonzo. Mwezi ujao mtu anauliza swali lilelile. Maarifa mengi ya Kiswahili yanapotea kwa njia hii kila siku, na mtu wa Bukoba anayetafuta jibu hilohilo hatalipata, kwa sababu halitafutiki kutoka nje.

Tena tumeshaonjeshwa wavuti iliyochaguliwa na wengine. Oktoba 2014, Tigo na Facebook walileta Internet.org hapa Tanzania: huduma kadhaa bila kukatwa bando, nyingine zote kwa kulipia. Kwa asiye na vocha ilikuwa msaada wa kweli, nami simlaumu aliyeitumia. Lakini aliyeamua nini kiwe ndani na nini kibaki nje hakuwa mtumiaji. India walilijadili jambo hilohilo kwa kelele, na Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ikapiga marufuku bei za upendeleo za namna hiyo. Hapa kwetu lilipita bila kelele.

Nyota mia moja hamsini

Mjadala wa mafundi wa Ulaya kuhusu mbadala wa wavuti hauitaji USSD, zile menyu za kupiga nyota na reli kwenye simu, hata mara moja, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ni jukwaa ambalo mamilioni ya Watanzania wanalitumia kwa jambo zito kuliko yote, yaani fedha. M-Pesa iko Tanzania tangu 2008. Unapiga *150*00#, kidirisha kinafunguka, unachagua namba, unaandika kiasi, unaandika namba ya siri, kazi imekwisha. Inafanya kazi kwenye kitochi. Haihitaji bando. Haina tangazo linalojipachika juu ya kitufe. Inaongea Kiswahili, na mtu mzima aliyeikimbia simu janja anaitumia bila kumwita mjukuu. Serikali nayo ina *152*00# kwa huduma zake.

Linganisha kidirisha hicho na ukurasa wa MB 2. Ujumbe mmoja wa USSD haupiti herufi 182. Aliyeuandika amelazimika kufikiri kila neno, na ndiyo maana unaeleweka. Natamani kila anayetengeneza tovuti angeanza kwa kujaribu kuisema huduma yake ndani ya herufi hizo 182.

Katibu wa kikoba aliniuliza swali zuri sana kuhusu hili. "Mwanangu, kwani sisi hatuwezi kuwa na nyota yetu, mtu akapiga akaona akiba yake?"

"Inawezekana, mama, ila namba haiko kama tovuti. Inaombwa TCRA, kisha kila kampuni ya simu ikubali kuibeba, au mkodi nafasi kwa kampuni inayounganisha."

"Kumbe. Basi hiyo ya wakubwa."

Alisema kweli. USSD ni nyepesi kwa anayetumia na nzito kwa anayechapisha. Kundi la wanawake ishirini haliwezi kusimamisha huduma yake Jumamosi mchana kwa jaribio. Na hata likiweza, huduma hiyo haina kiungo. Huwezi kumtumia mtu anwani ya hatua ya nne ya menyu. Unamwelekeza kwa mdomo, bonyeza mbili, kisha tano, kisha moja, na kampuni ikibadili mpangilio maelekezo yako yamekufa. Huwezi kunakili, huwezi kurudi kusoma, na ukichelewa kidirisha kinajifunga. Kwa kazi moja fupi inayojulikana, hakuna kinachoishinda. Kwa kusoma, kutafuta na kujifunza, haikuumbwa hivyo.

IPFS na Solid, kwa kifupi

IPFS, mfumo wa kugawana mafaili kati ya kompyuta nyingi, ilianza 2015, kazi ya Juan Benet na Protocol Labs. Anwani ya faili humo haitokani na mahali lilipo, inatokana na yaliyomo ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo yeyote mwenye nakala anaweza kukupa na ukathibitisha kuwa haikuchezewa. Wikipedia ilipofungiwa Uturuki mwaka 2017, nakala ya Wikipedia ya Kituruki iliwekwa kwenye IPFS. Ni wazo zuri kwa maktaba, vyuo na watunza kumbukumbu. Ila lazima awepo mtu anayeishikilia nakala saa zote kwenye mashine inayowaka, na simu ya bando la siku haiwezi kuwa mashine hiyo. Wengi wanaishia kufungua IPFS kupitia lango lililo kwenye tovuti ya kawaida, kumbe hawajahama popote.

Solid ni ya Berners-Lee mwenyewe: data zako zikae kwenye hifadhi unayoichagua wewe, programu zije kuomba ruhusa. Inakaa juu ya wavuti, haiiondoi. Kwamba aliyeivumbua wavuti ameona anayepaswa kubadilishwa ni mwenye kushika data, na siyo wavuti yenyewe, kwangu ni ushahidi mzito. Lakini kwa mchapishaji mdogo wa Dar, bado si kitu cha kuchagua leo.

Wavuti nyembamba

Sasa nije kwenye ninayoitetea. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, fungua kurasa za NECTA uziangalie kama fundi. Unakuta orodha ya vituo kwa herufi. Unabonyeza shule. Juu kuna muhtasari wa madaraja, la kwanza hadi sifuri, kisha jedwali: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, na masomo kwa mstari mmoja. Hakuna picha ya mtu anayetabasamu, hakuna video, hakuna tangazo. Ukurasa wa shule nzima ni mwepesi kuliko picha moja iliyopigwa na simu.

Hapo ndipo nguvu ya wavuti inapoonekana bila mapambo. Shangazi aliye Mwanza anatuma kiungo cha shule, na mama aliye Tandika anakibonyeza na kutua kwenye shule ileile, bila kupakua programu, bila kujisajili, bila kuulizwa namba ya simu. Kinafunguka kwenye simu ya miaka kumi iliyopita na kwenye kompyuta ya stationery. Siku hiyohiyo tovuti nyingine zinanakili kurasa na kuziweka kwao, kwa sababu ukurasa mwepesi unanakilika. Mtu anaweza kuuhifadhi kama faili, akaurusha kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili simu kwa simu bila bando, kwa jirani asiye na bando, ukafunguka. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, maana linafanya kazi hata intaneti ikiwa imezimwa. Kiwix, iliyoanza 2007, imejengwa juu ya wazo hilo: Wikipedia nzima ya Kiswahili inakaa kwenye simu na kusomwa bila mtandao.

Ukitazama vizuri, karibu kila anachokitaka mpenda Gemini kimo humu: wepesi, utulivu, faili moja kwa ombi moja. Tofauti ni kwamba Gemini inakukataza kuharibu, wavuti inakuachia uchague. Na kwa miaka mingi sisi watengenezaji tumechagua vibaya, kwa sababu mteja hulipia kinachometameta na hakuna aliyeulizia uzito. Msomaji wa Gongo la Mboto ndiye anayelipa bili hiyo, kwa vocha yake, bila kujua. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu siwezi kuunga mkono wazo la kuhama. Tukihama na tabia hiyohiyo tutaliharibu na jukwaa jipya. Tukiiacha hiyo tabia, hatuna haja ya kuhama.

Ugonjwa wa injini tatu, hata hivyo, haumalizwi na kurasa nyepesi. Unapungua tu: ukurasa unaotumia HTML ya msingi, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, unasomeka hata kwenye kivinjari dhaifu, kwa hiyo hauwi mtumwa wa toleo jipya la kampuni yoyote.

Nani achague nini

Mwenye duka abaki Instagram na WhatsApp, ndiko wateja waliko, lakini awe na ukurasa mmoja wake mwenyewe wenye jina la duka, mahali, namba na picha chache zilizopunguzwa. Kiungo cha ukurasa huo akiweke kwenye akaunti zake zote, ili siku moja ikifungwa, watu wajue pa kumtafuta.

Kikoba kisiweke akiba za watu kwenye ukurasa wa wazi hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na hata isingekuwepo, salio la mtu ni siri yake. Katibu aweke hesabu kwenye daftari na kompyuta, kila mwanachama atumiwe SMS yake mwisho wa mwezi. Hahitaji wavuti wala nyota.

Anayeandika kwa ajili ya kuandika, mwenye hamu ya kuona wavuti ya zamani ilikuwaje, ajaribu Gemini na aiweke kazi yake pande zote mbili. Maktaba na vyuo vyenye seva zao vitazame IPFS kwa nakala za kudumu.

Mwalimu achukue wavuti nyembamba bila kusita. Kila mtihani ukurasa mmoja wa HTML, siyo picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, siyo faili la PDF la MB 8. Grafu na michoro ziwe SVG, aina ya mchoro unaohifadhiwa kama maandishi, kwa hiyo ni nyepesi. Aunganishe mtihani na mtihani kwa viungo, kwa somo na kwa mada, ili mwanafunzi aliyeshindwa swali la vekta apelekwe kwenye maswali mengine ya vekta.

Ukishaamua kumlipa mtu akutengenezee, haya ni ya kukubaliana kwa maandishi kabla ya kutoa hata shilingi. Ukurasa wa maandishi usizidi KB 100. Ufunguke kwenye simu yako mwenyewe, kwa bando lako, ukiwa umesimama naye hapo hapo. Usiite fonti wala programu kutoka seva ya mtu mwingine. Jina la tovuti, liwe la .co.tz au .or.tz, lisajiliwe kwa jina lako wewe na barua pepe yako wewe, siyo ya fundi, kwa sababu mwenye jina ndiye mwenye tovuti. Na siku ya kukabidhiwa, upewe faili zote kwenye flashi, uzifungue kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Zikifunguka na zikasomeka, mlipe kilichobaki.